Olongapo baada ya kambi ya Subic: mji umerithi nini hasa?

Mwalimu_wa_Ramani aliuliza:

Salamu kwenu nyote. Ninafundisha jiografia, na kwa sasa ninaandaa somo kuhusu miji ya bandari iliyokua kwa kutegemea kambi za kijeshi, kisha ikalazimika kuishi bila kambi hizo. Mfano niliouchagua ni Olongapo, katika kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino, ambao kwa miongo mingi ulipakana na kambi kubwa ya jeshi la majini la Marekani katika Ghuba ya Subic, mpaka manowari ya mwisho ilipong'oa nanga tarehe 24 Novemba 1992.

Maandishi mengi niliyoyasoma husimulia kisa chenye mwisho mwema: kambi ilifungwa, watu wakahofia njaa, eneo likageuzwa kuwa bandari huria, wawekezaji wakaja, mambo yakanyooka. Lakini kila nikiitazama ramani naona jambo ambalo kisa hicho hakiligusi. Mji wenyewe umebanwa katika bonde jembamba kati ya milima na ghuba, na sehemu yake inayogusa maji ni ndogo mno, ilhali magati, uwanja wa ndege, maghala na karibu ardhi yote tambarare ya pwani vimo ng'ambo ya mfereji, katika eneo lililokuwa la kambi na ambalo leo lina mamlaka yake lenyewe. Isitoshe, jina Subic hutumika kwa vitu vitatu: ghuba, manispaa ya Subic iliyoko kaskazini-magharibi mwa Olongapo, na bandari huria. Waandishi huruka kutoka kimoja hadi kingine bila kumwonya msomaji, hata mtu akamaliza makala asijue ni mahali gani hasa palipofanikiwa.

Naomba basi mnisaidie. Je, Olongapo, wenye wakazi 260,317 kwa mujibu wa sensa ya 2020, umestawi pamoja na bandari huria, au umekuwa jirani yake tu? Na hali hiyo, vyovyote iwavyo, imeletwa na maumbile ya mahali au na maamuzi ya watu? Ninakusudia kuchora ramani moja ya kuwaonyesha wanafunzi, na sijui kama niupake mji na bandari huria rangi moja au rangi mbili.

Mpekuzi aliandika:

Mwalimu, sehemu kubwa ya jibu imejificha katika neno ulilolitaja kwa kupita tu, yaani mfereji. Niruhusu nianzie mbali kidogo.

Ghuba ya Subic iko upande wa magharibi wa Luzon, takriban kilomita 130 kwa barabara kutoka Manila, na mdomo wake umeelekea Bahari ya Kusini ya China. Milima ya Zambales na ya Bataan inaikinga, Kisiwa cha Grande kimekaa mlangoni, na maji yana kina kinachoziruhusu meli kubwa kusogea karibu sana na nchi kavu. Sifa hizo ndizo zilizowavuta Wahispania, ambao mwaka 1884 waliitangaza Subic kuwa bandari ya kijeshi, na mwaka uliofuata wakaanza kujenga ghala la silaha na karakana ya meli pale Olongapo. Lango la mawe walilolijenga lingali limesimama hadi leo, na ukilikuta liko ndani ya eneo la bandari huria, si mjini. Zingatia hilo, kwa maana ndipo mji wa kale ulipokuwa.

Kina hicho cha maji kiliwahi kuwa kero pia. Mwezi Aprili 1898, vita kati ya Hispania na Marekani vilipoanza, Admirali Patricio Montojo alizipeleka meli zake Subic akitarajia kujihami huko, akakuta mizinga iliyopaswa kulinda mlango wa ghuba haijafungwa mahali pake na maji yana kina cha mita 40. Alirudi Ghuba ya Manila, kwenye maji mafupi, akijua kwamba meli zikizamishwa huko mabaharia wake wataweza kujiokoa. Zilizamishwa kweli, tarehe 1 Mei. Ninaupenda mfano huu kwa darasani, kwa sababu unaonyesha kwamba sifa ya kijiografia haina thamani yake yenyewe mpaka ujue nani anaitumia na kwa kazi gani.

Wamarekani walipoitwaa nchi, Rais Theodore Roosevelt aliitenga ardhi ya Subic kwa matumizi ya jeshi la majini mwaka 1901, na mwaka 1906 chelezo kikubwa cha kuelea, cha kutengenezea meli, kilichoitwa Dewey kikawasili Olongapo baada ya kukokotwa baharini kutoka Marekani. Wajapani waliishika ghuba tangu Januari 1942 hadi Januari 1945. Hapo ndipo tunapoufikia mfereji. Wahispania walikuwa wameuchimba kwa ajili ya kutoa maji. Baada ya vita Wamarekani waliupanua, kambi ikawa kama kisiwa, na wakazi wa Olongapo wakahamishiwa ng'ambo ya pili, kwenye ardhi ya kinamasi, ambayo ndiyo kata za leo za East Bajac-Bajac, West Bajac-Bajac na Pag-asa. Kinamasi hicho kilifukiwa kwa udongo uliochotwa katika vilima vya Kalalake. Kwa maneno mengine, bonde lenye mbano unaloliona kwenye ramani yako halikuchaguliwa na wenyeji. Walipewa kilichobaki baada ya kambi kujikatia pwani.

Miaka michache baadaye jambo hilo lilijirudia upande wa pili wa ghuba. Kati ya 1951 na 1956 wahandisi wa jeshi la majini walikata mlima na kumwaga udongo wake majini ili kupata njia ya kurukia ndege ya Cubi Point, yenye urefu wa kilomita 2.7 hivi, iliyowezesha ndege za manowari kutua kando kabisa ya gati ambapo manowari yenyewe imefungwa. Mahali hapo palikuwa na kijiji cha Banicain, na wanakijiji wakahamishwa.

Kuhusu utawala, Olongapo uliongozwa na jeshi la majini la Marekani mpaka tarehe 7 Desemba 1959, ulipokabidhiwa kwa serikali ya Ufilipino ukiwa manispaa ya jimbo la Zambales. Ulipata hadhi ya jiji tarehe 1 Juni 1966. Watu wa nje husahau mara nyingi kwamba nchi ilikuwa huru tangu 1946, na kwamba kwa miaka kumi na mitatu baada ya uhuru meya wa mji huu, kwa hakika, alikuwa afisa wa kigeni. Kwa hiyo kati ya uchaguzi wako wa maumbile au maamuzi, mimi nasimama upande wa maamuzi: maumbile yaliipa ghuba thamani, lakini nani akae wapi kando ya ghuba hiyo liliamuliwa ofisini.

Nanga_Mbili aliandika:

Mimi ni baharia mstaafu, na nitasema niliyoyaona nikiwa serahangi kwenye meli ya makontena, pamoja na machache niliyoyafuatilia baadaye kwa udadisi.

Ndugu Mpekuzi ameisifu ghuba, na ana haki. Chombo kikishakipita Kisiwa cha Grande, mawimbi hutulia, na rubani wa bandari huwa na nafasi tele ya kugeuzia. Lakini bandari ya kijeshi na bandari ya mizigo hazihitaji mahali pa aina moja. Manowari huja kujificha, kutengenezwa, kujaza mafuta na kuwapumzisha watu wake. Haijali sana nyuma ya gati kuna nini, na milima mirefu ni faida kwake. Meli ya makontena haina haja ya kujificha. Inachohitaji ni viwanda, wanunuzi na barabara nyuma ya gati, na kwa meli hiyo milima ile ile ni ukuta.

Mtu akitaka ushahidi, atazame vituo viwili vya makontena vilivyojengwa Cubi Point kwa mkopo wa Japani. Kwa pamoja vinaweza kupitisha makontena 600,000 ya futi ishirini kwa mwaka, na kwa miaka mingi vilipitisha sehemu ndogo tu ya uwezo huo. Niliyakuta makreni marefu yamesimama kimya, na kazi yetu pale ilikwisha haraka kuliko tulivyozoea kwa sababu hapakuwa na foleni. Kosa halikuwa la gati. Wenye mizigo walikuwa na maghala yao kuizunguka Manila, mawakala wao wa forodha walikuwa Manila, na kampuni za meli hufuata mizigo iliko. Mwaka 2014 ulitoa somo zuri zaidi: jiji la Manila lilipozuia malori kupita mchana, makontena yalirundikana bandarini mpaka serikali ikatoa amri mwezi Septemba kwamba Subic na Batangas zihesabiwe kuwa nyongeza ya bandari ya Manila kila msongamano unapotokea. Subic ilipata mizigo. Zuio lilipoondolewa, wengi walirudi walikozoea.

Sasa nirudi kwenye swali lako, Mwalimu, kuhusu mji kuwa jirani. Barabara ya mwendo kasi iitwayo SCTEX, yenye urefu wa kilomita 94 hivi, ilifunguliwa mwaka 2008 kuunganisha Subic, Clark na Tarlac, na kwa hakika iliutoboa ule ukuta wa milima niliousema. Ila angalia mahali inapoingilia. Inaungana na barabara ya Tipo, ambayo huingia moja kwa moja katika bandari huria kupitia lango lake. Lori linalotoka Cubi Point kwenda uwanda wa kati wa Luzon haliugusi mji hata kidogo. Dereva hanunui mafuta mjini, hali chakula mjini, wala halali mjini. Zamani wanamaji, kwa mema na mabaya yao, ilikuwa lazima wavuke daraja la lango kuu waingie Barabara ya Magsaysay ndipo watumie fedha zao. Kontena halivuki daraja.

Ninakubali kwamba ni heri msongamano wa malori usiwe mjini. Nasema tu kwamba mtu asihesabu kila kontena kuwa ni riziki ya Olongapo.

Bint_Hesabu aliandika:

Shikamoo mzee Nanga_Mbili. Sentensi yako kuhusu kontena na daraja nitaiazima kwa ruhusa yako, ingawa nina hoja ya kuipunguza makali.

Mosi, tusisahau hali ilivyokuwa mwaka 1992. Makumi ya maelfu ya Wafilipino walikuwa wameajiriwa kambini, na maelfu wengine waliishi kwa kuwahudumia wanamaji: wenye baa, washonaji, wafuaji nguo, madereva wa jeepney (magari ya abiria), wanawake waliouza miili yao, na watoto ambao baba zao walikuwa wamekwisha ondoka na meli. Mji ambao kazi yake ilikuwa hiyo hukauka kwa mwezi mmoja. Kambi yenyewe ingeweza kuporwa, kama ilivyotokea Clark, kambi ya jeshi la anga iliyoachwa mwaka uliotangulia, ambako mpaka nyaya na mabati yalibebwa. Subic haikuporwa kwa sababu meya wa Olongapo, Richard Gordon, aliwaita wakazi wajitolee kulinda na kusafisha majengo, wakajitokeza watu wapatao 8,000 waliofanya kazi bila mshahara wakitumaini kwamba ajira zikija wao ndio watakaoanza. Kwa hiyo mji haukurithi tu. Ulilinda mali ambayo kisheria haikuwa yake.

Pili, na hapa ndipo penye uzito, ni Sheria namba 7227 ya tarehe 13 Machi 1992, iliyounda bandari huria na mamlaka ya kuisimamia, ambayo kwa kifupi huitwa SBMA. Ndani ya uzio bidhaa huingia bila ushuru wa forodha, na kampuni hulipa asilimia 5 ya pato ghafi badala ya kodi za kawaida za taifa na za mitaa. Bidhaa ikitoka nje ya uzio, hata ikienda duka lililo mita mia moja ng'ambo ya mfereji, inahesabiwa kuwa imeingia nchini na inatozwa. Mfereji ambao Mpekuzi ameueleza kuwa wa kijeshi uligeuka kuwa mpaka wa forodha, na walinzi wakabaki madarajani, sare tu ndizo zilizobadilika.

Kati ya hiyo asilimia 5, sehemu kubwa huenda serikali kuu, na sehemu ndogo hugawiwa serikali za mitaa zinazopakana na eneo hilo, kwa kuzingatia idadi ya watu, ukubwa wa eneo na vigezo vingine. Serikali hizo si Olongapo peke yake. Zipo manispaa kadhaa za Zambales, ikiwemo hiyo Subic inayowachanganya wasomaji, na nyingine za Bataan. Kwa namna hiyo jiji linabeba makazi, shule, takataka na hospitali za wafanyakazi wengi wa bandari huria, lakini haliwezi kuzitoza kampuni zinazowaajiri kodi ambazo jiji lingine lingezitoza. Sishangai kwamba shirika la umeme la jiji lililemewa na madeni hadi huduma hiyo ikakabidhiwa kampuni binafsi mwaka 2013, ingawa madeni hayo yalikuwa na sababu zaidi ya moja.

Kuna jambo ambalo wachache hulitaja. Sheria hiyo ya 1992 iliagiza kwamba mwenyekiti wa kwanza wa mamlaka awe meya wa Olongapo. Mji na bandari huria vilikusudiwa kuanza safari vikiwa na kichwa kimoja. Kesi ikafunguliwa, na mwezi Juni 1993 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kifungu hicho kinavunja katiba, kwa kuwa kiongozi aliyechaguliwa na wananchi hawezi kuteuliwa kushika wadhifa mwingine wa serikali wakati muda wake haujaisha. Gordon akauacha umeya, akabaki mwenyekiti hadi 1998. Kisheria uamuzi ule ulikuwa sahihi, kwa maoni yangu. Kwa upande wa mipango miji, hata hivyo, uliikata kamba pekee iliyokuwa imeufunga mji na pwani yake, na hakuna aliyesuka nyingine imara mahali pake. Uhusiano ukawa wa watu na familia, ambao hutegemea nani yuko madarakani.

Mzee Nanga_Mbili, hapa ndipo ninapoipunguza makali hoja yako. Kontena halivuki daraja, lakini mfanyakazi huvuka, asubuhi na jioni. Kampuni ya FedEx ilipoweka kituo chake kikuu cha Asia pale Cubi Point mwaka 1995, na viwanda vya vifaa vya elektroniki vilipokuja, mishahara ilirudi mjini kila wiki mbili. Kiwanda cha kuunda meli cha Hanjin kutoka Korea Kusini, kilichojengwa kwenye rasi ya Redondo kuanzia 2006, kiliwahi kuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000. Udhaifu wake ni kwamba riziki ya aina hii huondoka kwa barua moja. FedEx ilihamia Guangzhou mwaka 2009, na uwanja wa ndege haujapata tena mteja wa ukubwa huo. Hanjin iliomba kinga ya mahakama Januari 2019, ikiwa na deni la zaidi ya dola milioni 400 kwa benki za Ufilipino pekee. Mwaka 2022 kiwanda kilinunuliwa na kampuni ya Kimarekani, Cerberus, ambayo imekipangisha kwa vipande, na mmoja wa wapangaji ni jeshi la majini la Ufilipino.

Mwalimu_wa_Ramani aliandika:

Ninawashukuru sana. Nimejifunza zaidi ya nilivyotarajia, hasa kuhusu ile kesi ya 1993, ambayo sikuwahi kuisikia.

Nina maswali mawili madogo. Katika baadhi ya vitabu nimesoma kwamba kambi ilifungwa kwa sababu ya mlipuko wa volkeno ya Pinatubo. Katika vingine, kwamba ilifungwa kwa kura moja tu ya Seneti, 12 dhidi ya 11. Lipi ni sahihi? Na ile rangi ya kijani kibichi inayofunika milima mashariki mwa bandari huria, wakati vilima vya upande wa mji vimejaa nyumba, inaelezwaje?

Mpekuzi aliandika:

Yote mawili yana ukweli, ila yamebanwa mno.

Pinatubo uko kilomita 35 hivi kaskazini mwa Olongapo. Ulipolipuka kwa nguvu zake zote tarehe 15 Juni 1991, kimbunga Yunya kilikuwa kinapita Luzon siku hiyo hiyo, mvua ikalowesha majivu, na majivu mabichi yakawa mazito kama zege juu ya mapaa. Wengi wa waliokufa siku ile waliangukiwa na mapaa, na Olongapo ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Hata hivyo kambi ya Subic ilisafishwa na ikafanya kazi tena. Kambi ambayo Pinatubo uliimaliza ni Clark, iliyokuwa karibu zaidi na mlima.

Ama kura, mkataba wa kambi uliotiwa saini tarehe 14 Machi 1947 ulikuwa wa miaka 99, lakini marekebisho ya 1966 yaliupunguza hata ukafikia kikomo tarehe 16 Septemba 1991. Mkataba mpya ungeongeza miaka kumi kwa Subic. Siku ile ile ya kikomo, maseneta 12 waliukataa na 11 wakaukubali. Watu husema ulianguka kwa kura moja, na hesabu hiyo ndiyo inayopotosha: katiba inataka theluthi mbili ya maseneta wote 24 ili mkataba uidhinishwe, yaani kura 16. Waliouunga mkono walipungukiwa kura tano. Tafadhali lirekebishe hilo darasani, kwa kuwa kosa hili limeenea mno.

Kuhusu msitu, jibu lake lina kinaya. Jeshi lilihitaji mabonde ya maji, maghala ya risasi yaliyofichika na mahali pa mazoezi, kwa hiyo likauzuia msitu usikatwe wakati milima mingine ya Zambales ilipokuwa ikinyolewa kwa ajili ya mbao. Waaeta, ambao ni wenyeji wa kale wa milima hiyo, waliwafundisha askari wa Marekani namna ya kuishi porini wakati wa vita vya Vietnam, na jamii yao ya Pastolan ingali ndani ya msitu huo. Uzio ulionyang'anya mji pwani ndio uliouhifadhi msitu. Upande wa mji watu waliokosa ardhi tambarare walipanda vilimani, nao msongamano huo una hatari zake.

Nanga_Mbili aliandika:

Marahaba, Bint_Hesabu. Umenishinda kwa hoja ya mfanyakazi, nami nakubali.

Niongeze juu ya hizo hatari. Pwani ile inaelekea pepo za msimu zitokazo kusini-magharibi, na hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Mei na Oktoba. Maji ya vilima hushuka kwenye bonde ambalo, kama tulivyoambiwa, lilikuwa kinamasi, kisha hutafuta njia ya kutokea kwa mito michache na ule mfereji. Mwezi Septemba 2013 mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliyoua watu Olongapo na katika manispaa ya Subic. Ukitaka wanafunzi waelewe kwa nini, wachoree mistari ya mwinuko kabla ya kuwachorea mpaka wowote. Bonde lile maji hulijua tangu zamani, kabla halijaitwa kata.

Jambo jingine usiliache: manowari zimerudi kutia nanga Subic, za Marekani na za mataifa mengine, na mwaka 2024 Marekani, Japani na Ufilipino zilitangaza mpango wa ukanda wa kiuchumi wa Luzon, wenye reli ya kuunganisha Subic, Clark, Manila na Batangas. Reli hiyo ikijengwa, swali langu litakuwa lile lile la lori: stesheni itawekwa upande gani wa mfereji?

Bint_Hesabu aliandika:

Na mimi swali langu litakuwa nani atakayekusanya kodi ya viwanja vilivyo karibu na stesheni hiyo.

Kuhusu rangi, Mwalimu, pendekezo langu ni rangi mbili, ila usizitenganishe kwa mstari mmoja mnene kana kwamba ni nchi mbili. Tumia mishale kwenye madaraja: mshale wa wafanyakazi kutoka mjini asubuhi, mshale wa mishahara kurudi jioni, na mshale wa makontena unaotoka Cubi Point kwenda Tipo bila kupita mjini. Nyumba za Kalayaan na Binictican, zilizojengwa kwa ajili ya familia za wanajeshi wa Marekani na ambazo leo hupangishwa, zipake rangi ya bandari huria, ili wanafunzi waone kwamba hata makazi yenye nafasi yako upande huo.

Mwalimu_wa_Ramani aliandika:

Nimeamua hivyo. Nitachora kwanza mistari ya mwinuko, kama mzee alivyoshauri, halafu mfereji kwa wino wa buluu uliokolea, halafu rangi mbili na mishale mitatu. Manispaa ya Subic nitaipa rangi ya tatu na kuandika jina lake kwa ukamilifu, ili asiwepo wa kuichanganya na bandari huria.

Mpekuzi aliandika:

Vyema, Mwalimu. Ukiwa na nafasi, andika pia neno Banicain kwa herufi ndogo, juu ya njia ya kurukia ndege.